Seneta Aliyekataa Mara Mbili

Mume wangu alikataa mara mbili. Hilo ndilo kosa lake, na balaa lote lililofuata lilianzia hapo.

Kwetu Nordhaug, mtu akikukaribisha kahawa unasema hapana, nimetoka kunywa sasa hivi. Akikukaribisha tena unasema usijisumbue. Ya tatu ndiyo yenyewe: unasema haya, nusu kikombe basi, na unaletewa kikombe kizima pamoja na keki. Anayekubali mara ya kwanza tunamwona hakulelewa. Anayeacha kukaribisha baada ya mara ya pili tunamwona mchoyo, na sifa hiyo atazikwa nayo. Tuko hivyo tangu babu zetu walipotoka Norwe na masanduku yao ya mbao, na theluji ya Minnesota haikutubadilisha hata kidogo. Nina miaka themanini na tatu na adabu hiyo nimeinyonya kwa mama, kwa hiyo mniamini nikisema kwamba ipo siku itatuua.

Norval wangu ana themanini na sita. Alikuwa seneta wa jimbo tangu binti yetu hajaota meno, na sasa binti huyo ni bibi. Kila Januari, barafu ya ziwa ikishakaza vizuri, Norval alikuwa akifunga sanduku lake kwenda bungeni Saint Paul, na alirudi barafu ikishayeyuka. Wakati tunachumbiana aliniambia kwamba atajenga kibanda cha kuvulia samaki juu ya barafu, chenye jiko dogo na viti viwili, tukae humo majira ya baridi yote tukitazama tundu lililotobolewa kwenye barafu na kusengenya watu. Kibanda alikijenga kweli. Kipo nyuma ya ghala, kimepakwa rangi nyekundu, na mpaka mwaka jana waliokuwa wakikikalia ni panya.

Sikuwa naomba makubwa. Nilitaka majira ya baridi mamoja tu na mume wangu, angali ananijua jina. Maana alishaanza kuniita Solveig, na Solveig ni dada yake aliyekufa zamani.

Basi mwezi wa nne walikuja nyumbani kama wanavyokuja kila uchaguzi ukikaribia: Einar Skogen, mwenyekiti wa chama hapa kwetu, muuza matrekta mstaafu, na LaVonne Brekke, katibu wake, ambaye ni jirani yangu na shoga yangu tangu tukiwa na mikia ya nywele. Walikaa jikoni. Walikataa kahawa mara mbili, wakanywa. Kisha Einar akasema kwamba wamekuja kusikia mzee ana mawazo gani.

Norval akasema anaona wakati umefika mwingine ashike usukani. Moyo wangu ukaruka. Einar akamwambia asiseme hivyo, chama bila yeye ni trekta bila injini. Norval akasema kwa kweli miguu haina nguvu na masikio yamekufa. LaVonne akamjibu kwamba miguu haipigi kura. Mimi nilikuwa nimesimama na birika, nikihesabu kimoyomoyo: moja, mbili. Na Einar, aliyelelewa vizuri na mama yake, akauliza mara ya tatu.

"Mzee, tunakuomba. Mara hii moja tu."

Norval akageuka akanitazama. Nikatabasamu. Lile tabasamu langu la picha, la mke wa seneta, kwa sababu wageni walikuwepo na mtu hanuni mbele ya wageni. Akanitazama kidogo zaidi, kisha akawageukia.

"Haya basi," akasema. "Kama hakuna mwingine."

Miaka minne mingine. Kwa watu wa umri wetu, miaka minne ni kipande kizima cha maisha, na huenda ndicho kilichobaki siniani. Walipoondoka niliosha vikombe kwa hasira mpaka kimoja kikakatika mkono. Siwezi kumwambia mume wangu asigombee baada ya kukubali mara ya tatu, hata mbwa wetu anajua hilo haliwezekani. Lakini hakuna adabu yoyote niliyofundishwa inayokataza mke kumwangusha mumewe kwenye uchaguzi kimyakimya. Nikaamua nitamwangusha.

Nilianza na wanawake wenzangu. Kila Alhamisi tunakutana katika ukumbi ulio chini ya kanisa kushona mablanketi ya viraka, na yanayosemwa pale yanafika kila nyumba kabla supu haijapoa. Nikasema, huku nimeinamia sindano yangu, kwamba Norval siku hizi analala bungeni. Analala kabisa, anakoroma, msaidizi wake inabidi amfinye wakati wa kupiga kura. Nikasubiri washtuke.

LaVonne akatikisa kichwa kwa huruma. Akasema maskini, wanamchosha, yeye mwenyewe anasinzia kila mahubiri na hajaona mtu akimfukuza kanisani.

Wiki iliyofuata nikaongeza dozi. Nikasema hasikii kitu, kwamba juzi aliulizwa habari ya kodi ya mashamba akajibu habari ya goti lake. Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mmoja akasema bora asisikie, huko bungeni panasemwa nini cha maana. Mwingine akataka kujua hilo goti ni la kulia au la kushoto, maana na lake linamsumbua, na robo saa nzima ikaishia kwenye magoti. Nikasema anasahau majina. Wakasema nani asiyesahau. Nikasema aliipa mkono nguo iliyotundikwa ukutani akaiuliza watoto hawajambo. Hapo nikafikiri nimempata, kwa sababu hiyo ilikuwa kweli na ilinitisha nilipoiona.

LaVonne akafuta machozi ya kicheko, akaweka sindano chini. "Ardis, mwenzangu, unajua kwa nini tunampenda mumeo? Kwa sababu yuko kama sisi. Wakisema Norval amezeeka, sisi watuite nini?"

Kila nilipompaka matope mume wangu, matope yalimkaa kama sare ya kijiji. Na walikuwa na sababu nyingine, wakazitoa moja baada ya nyingine huku wanashona. Yeye ndiye mwenyekiti wa kamati ya barabara kwa sababu ya ukongwe wake tu, na barabara yetu ndiyo ya kwanza kuondolewa theluji kaunti nzima. Akiingia mgeni atakaa mkiani miaka kumi, na sisi tutakaa ndani ya theluji tukimsubiri akue. Tena Norval hakosi mazishi. Amewazika waume wa nusu ya wanawake waliokuwa pale, kila mmoja kwa neno lake, na kila mmoja aliona mumewe amezikwa na serikali. Mtu akinung'unika kwamba labda ni wakati wa damu mpya, anajibiwa kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Nikajichoma kidole na sindano kwa makusudi ili nipate sababu ya kwenda nyumbani.

Nikaona wanawake hawafai, nikamwendea mpinzani. Alikuwa Tessa Lindquist, daktari wa mifugo, wa kijiji cha pili, mwenye miaka thelathini na tisa. Sisi tulimwita msichana. Ni mchapakazi, anaweza kumtoa ndama tumboni mwa ng'ombe saa yoyote na mvua yoyote, na alikuwa na mawazo mazuri kuhusu zahanati yetu ambayo Norval ameisahau tangu ijengwe. Alipokuja kumtibu mbwa wetu masikio, nikamkaribisha kahawa. Akakataa mara mbili. Nikajua huyu naye ni wa kwetu, nikavunjika moyo kidogo.

Nikamwambia wazi kwamba akitaka kushinda amseme mzee. Aseme umri wake. Aseme kulala. Nikamtajia mpaka siku na vikao alivyolala. Msichana akaweka kikombe chini akaniangalia kama niliyemwambia amtie mbwa sumu.

"Mama Haugland, siwezi," akasema. "Mumeo ndiye aliyesema kwenye mazishi ya babu yangu. Alilia kuliko sisi."

"Alilia kwa sababu alisahau miwani na jua lilikuwa linampiga machoni," nikamwambia. "Mseme."

Akaahidi kwamba atajaribu. Nikamfungia keki ya kwenda nayo, akakataa mara mbili.

Mdahalo ulifanyika kwenye ukumbi wa michezo wa shule, mwezi wa kumi. Watu walijaa mpaka kwenye ngazi. Mimi nilikaa mbele, nimevaa gauni la bluu, na tabasamu langu la picha. Norval alisema kwanza. Alisema mambo yaleyale anayosema tangu zamani, kuhusu barabara na theluji na babu zetu, na watu wakayapokea kama wanavyopokea sala ya Baba Yetu. Hakuna anayesikiliza maneno ya Baba Yetu, mtu anataka tu yasirukwe. Kisha akakaa, na zamu ikawa ya Tessa.

Alianza vizuri. Alisema anamheshimu Seneta Haugland kuliko mtu yeyote aliye hai. Alisema hivyo kwa muda mrefu mno, lakini mwishowe akavuta pumzi, na nikaona sasa anakuja penyewe. Akasema jimbo linabadilika na zahanati yetu haina daktari, na inafika wakati kiongozi, hata awe mwema namna gani, lazima ajiulize. Sauti yake ilikuwa inapanda vizuri. Nikakaza mikono kwenye mkoba wangu.

Hapo ndipo Norval alipolala. Kichwa kilimwangukia kifuani taratibu, akakoroma mara moja, kama paka. Ukumbi mzima uliona. Nikasema moyoni, Bwana asifiwe, amejimaliza mwenyewe.

Tessa akageuka akamwona. Na nyinyi mnaosoma habari hii mahali ambapo watu wana akili timamu mtadhani kwamba alimnyooshea kidole. Msichana yule alishusha sauti. Alimalizia hotuba yake yote kwa kunong'ona, kuhusu zahanati na shule na mashamba, akiisogelea maikrofoni ili asilazimike kusema kwa nguvu. Watu mia tatu waliinama mbele wamsikie. Alipomaliza, hawakupiga makofi. Walipunga leso, polepole, ili mzee asiamke. Bibi mmoja nyuma yangu alisema hajaona mdahalo wenye upendo kama ule, na kwamba mtu anayeweza kulala mbele ya adui yake ana dhamiri safi.

Siku ya uchaguzi tulienda pamoja, mimi na Norval, mkono kwa mkono, kwenye jengo dogo la halmashauri tunapopigia kura. Kibanda chake cha kupigia kura kilikuwa kando ya changu. Nilisimama mbele ya karatasi nikaona jina la mume wangu. Nimeliandika jina hilo kwenye mashuka, kwenye masanduku ya chakula, kwenye koti lake la shule alilonipa nikiwa na miaka kumi na saba. Nilimsikia upande wa pili akikohoa. Nikalipita jina lake, nikaweka alama kwa Tessa Lindquist.

Nilitoka kabla yake. Yeye alikawia sana. Alipotoka masikio yake yalikuwa mekundu kama bitiruti, nikafikiri ni joto la kile chumba.

Jioni tulikusanyika chini ya kanisa kusubiri matokeo, maana ndiko tunakosubiria kila kitu. Palikuwa na masinia ya nyama na viazi vya kuoka, kahawa, na sinia kubwa la keki ya karanga na chokoleti ya LaVonne. Lazima niseme neno kuhusu hilo sinia. Kwetu kipande cha mwisho hakiliwi. Atakayekuja anakikata katikati na kuchukua nusu, ajaye anakata hiyo nusu, na hivyohivyo mpaka kinabaki kipande cha ukubwa wa kucha, na hicho LaVonne anakirudisha nyumbani na sinia. Sijawahi, tangu nizaliwe, kumwona mtu akila cha mwisho. Mtu wa namna hiyo angeonekana hajali tena watu watasema nini.

LaVonne alikuja akakaa karibu yangu, akanishika goti. Alisema ana neno la kuniambia na nisilichukulie vibaya. Alikuwa na uhakika, akasema, kwamba safari hii mzee anaanguka. Kila mtu anajua amechoka. Yeye mwenyewe anaona msichana ndiye anayefaa, wala hafichi. Lakini alipofika kwenye karatasi akamwonea Norval huruma, asije akatoka na kura mbili tatu kama mtu asiye na ndugu. "Kwa hiyo nikampa moja," akaninong'oneza. "Ya heshima tu. Haitabadilisha kitu."

Nikamshukuru. Alipoondoka akaja mwalimu mkuu mstaafu, akaniambia yaleyale. Ya heshima tu. Kisha mwenye duka la vyuma. Kisha mpiga kinanda, aliyesema alimchagua Norval kwa kuwa alijua kwa hakika sisi wengine wote tutamchagua Tessa. Nilipomwona Einar Skogen mwenyewe, mwenyekiti wa chama, anakuja na sahani yake huku anatazama sakafu, nilitaka kuingia chini ya meza.

Einar alisema mwezi wa nne walikuja nyumbani kwetu kuagana na mzee. Walikuwa wameshapata mtu mwingine. Walikuja wasikie anakataa, washukuru, wamalize.

"Sasa mbona mlimwomba mara ya tatu?" nikamuuliza.

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Ningeachia ya pili? Ardis, mimi nimelelewa."

Matokeo yakaja kwa simu ya Einar. Alipanda kwenye kijukwaa ambacho watoto wanafanyia igizo la Krismasi, akasafisha koo. Wilaya nzima, akasema, mzee ameshinda kwa tofauti kubwa kuliko uchaguzi wowote aliowahi kugombea. Watu wakainamia sahani zao. Walikuwa wameelewa jambo kwa pamoja na kuona aibu kulisema. Kisha wakapiga makofi, kwa nguvu, kama watu wenye hatia.

"Na hapa kwetu Nordhaug," Einar akaendelea, "mzee amezoa zote. Isipokuwa mbili."

Aibu yote ikapata pa kwenda. Wawili. Nani hao? Watu waliokuwa wakijuta dakika ile kwa kumchagua Norval waligeuka ghafla kuwa walinzi wa Norval. Macho yakaanza kutembea ukumbini. Yakatua kwanza kwa mchungaji wetu mpya, kwa sababu anatoka Chicago na hukubali kahawa mara ya kwanza. Mchungaji akainua mikono yote miwili akaapa mbele ya madhabahu iliyokuwa juu ya dari kwamba alimpa mzee, tena aliambiwa kwamba asipompa hataalikwa chakula na mtu. Yakahamia kwa kijana mmoja anayeendesha baiskeli wakati wa baridi. Naye akaruka. LaVonne akasema kwa sauti, huku anakata nusu ya kipande, kwamba wasimtafute mtu mbali, kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nikanyoosha nguo yangu na kunywa kahawa.

Mmoja nilikuwa namjua. Wa pili alinishinda. Nikawa natazama uso mmoja mmoja ili nimjue mwenzangu, mtu pekee Nordhaug nzima mwenye moyo wa jiwe kama wangu, nikamshike mkono. Nikafika kwa Norval. Alikuwa amesimama karibu na sinia la keki, anatabasamu lile tabasamu lake la picha. Uso wake umejifunza siasa miaka yote ile, lakini masikio hayakujifunza kamwe. Yalikuwa mekundu kama bitiruti.

Nikamvuta mpaka kwenye ujia wa kutundikia makoti, nikafunga mlango.

"Ni wewe," nikamwambia.

"Nini mimi?"

"Norval, usijifanye kiziwi. Wa pili ni wewe."

Akatazama makoti. "Nilidhani nitaanguka," akasema mwishowe. "Nilitaka kurudi nyumbani, Ardis. Sijui kusema hapana, nikafikiri watu watanisemea."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikutazama siku ile na birika mkononi. Nilisema moyoni, akikunja uso tu, naacha. Ukatabasamu. Nikaona unapenda kuwa mke wa seneta." Kisha akageuka akanitazama vizuri, akili yake ikiwa angavu kama asubuhi ya barafu. "Wa kwanza ni nani?"

Nililia na kucheka kwa pamoja, nikiwa nimekumbatia koti la mtu nisiyemjua. Katika kijiji kizima, watu wawili tu waliothubutu kumnyima Norval Haugland kura walikuwa wanalala kitanda kimoja, na miezi yote hiyo kila mmoja alikuwa anamficha mwenzake kwa adabu. Nilisikia uchungu kwa majira yote ya baridi tuliyopoteza hivyohivyo, tukitabasamiana.

"Sasa tufanye nini?" akaniuliza. "Wamenipa. Nikikataa sasa ni utovu wa adabu."

"Basi kuwa huna adabu," nikasema. "Una miaka themanini na sita. Ulikuwa unasubiri nini?"

Tulirudi. Walikuwa wanataka hotuba. Einar alishasogeza kiti ili mzee apandie kijukwaani. Norval hakwenda kwenye kijukwaa. Alikwenda kwenye sinia la LaVonne. Kilikuwa kimebaki kipande kimoja, kimeshakatwa na kukatwa tena, lakini bado kilikuwa na ukubwa wa maana. LaVonne akamnyooshea kisu kwa heshima. Norval hakukichukua kisu. Akakiokota kipande chote kwa vidole, akakitia mdomoni chote, akakitafuna akitutazama. Kisha akalamba vidole.

Mpiga kinanda alishika kifua. LaVonne aliangalia sinia tupu kama aliyeibiwa.

"Asanteni," Norval akasema. "Kilikuwa kitamu. Januari siendi Saint Paul. Mtafute mtu mwingine."

"Aa, mzee, usiseme hivyo," Einar akasema, na nina hakika mdomo ulijisemea wenyewe.

"Siendi, Einar."

"Lakini mzee, chama bila wewe..." Na hapo Einar akasikia anachosema, akanyamaza katikati. Hiyo ilikuwa ya pili. Ukumbi mzima ulijua ni ya pili. Watu wakawa wanatazamana, kila mmoja akisubiri mwingine aitoe ya tatu, na nikaona LaVonne anafungua mdomo. Si kwa sababu alitaka. Ni malezi tu.

"LaVonne, shoga yangu, funga mdomo," nikasema. "Wale wawili ni sisi. Mimi na yeye. Tunataka kwenda nyumbani."

LaVonne akaufunga. Akaanza kutikisika mabega, nikafikiri nimemliza, kumbe anacheka. Kisha Einar naye, kisha mwalimu mkuu, na mtu mmoja nyuma akasema Mungu ashukuriwe, kwa sauti ya mtu aliyevua kiatu kinachombana. Kabla hatujatoka kila mtu alishakiri kura yake ya heshima, na mchungaji wa Chicago alikuwa ameketi kwenye ngazi, kichwa mikononi, akitaka mtu amweleze tena polepole.

Sasa ni Januari. Naandika haya ndani ya kibanda chekundu, juu ya barafu, miguu karibu na jiko. Panya tumewaondoa. Norval yuko kwenye kiti chake amelala, mshipi mkononi, na kamba imeshavutwa mara kadhaa na samaki ambaye sina haja ya kumwamsha kwa ajili yake. Asubuhi aliniita Solveig. Mchana aliniita Ardis, akaniuliza kama nimeshiba.

Kutakuwa na uchaguzi mdogo. Nilidhani safari hii watampa Tessa, maana kila ninayemuuliza anasema yeye ndiye anayefaa. Lakini LaVonne alipita hapa leo na chupa ya kahawa akanipa habari. Chama kimemwendea Einar, mwenye miaka themanini na moja, kumsikia ana mawazo gani.

Amekataa mara mbili.